Furushi la Safari

Mirshod mwenyewe hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye. Wengine walichangia, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, lakini fungu kubwa lilikuwa lake, na hata leo kisa hiki kikisimuliwa karamuni yeye hukaa kimya, akiingilia tu pale msimuliaji anapomhurumia.

Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha sanaa mjini Samarkandi, idara ya mavazi ya jukwaani. Wavulana darasani walianza wawili, na mwenzake alikimbilia uchongaji kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Baba yake, Nusrat, alikuwa fundi wa magari mwenye gereji nyuma ya soko la mbao. Wateja wakimuuliza mwanawe anasomea nini, alijibu "ujenzi", kisha akaingia chini ya gari haraka kabla hajaulizwa ujenzi wa nini.

Alikuwa amemruhusu kwa shingo upande, na kwa sharti. Mwaka mmoja. Mtihani wa mwisho wa mwaka ukileta aibu nyumbani, mtoto anavua suruali zake za mahameli na kuvaa ovaroli. Hata ruhusa hiyo haikupatikana bure. Aliyeipigania ni Bibi Hosiyat, mama yake Nusrat, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, aliyekataa kunywa chai mbele ya mwanawe kwa siku tatu. Mwana ambaye mama yake amemgomea chai hana uso wa kutoka nje, na siku ya nne Nusrat alisalimu amri. Mama yake Mirshod alikuwa Istanbul akimlea bibi wa watu. Alipopigiwa simu kuulizwa maoni, alisema yeye yuko upande wa atakayeshinda.

Basi ikaja Mei na mtihani. Kila mwanafunzi alipewa mtu mmoja wa kumvika katika mchezo ambao wanafunzi wa uigizaji wangeucheza mbele ya wazazi. Mirshod akaangukiwa na bibi harusi: binti wa nyumba yenye uwezo, Samarkandi, mwaka elfu moja mia tisa na kumi.

Mwalimu wao, Muazzam Salimovna, alitoka Tashkent. Alivaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na alikuwa amesifu kitu mara moja tu mwaka mzima, nacho kilikuwa dirisha. Aliwabandikia ukutani picha ya munisak: joho refu la hariri lisilo na kola, pana mikononi, limekusanywa mikunjo myembamba chini ya makwapa yote mawili, rangi zake zikiyeyukiana kama mawingu. Akawaambia hilo ndilo alilovaa bibi harusi wa enzi hizo, na kwamba atakayemletea hariri ya plastiki ya sokoni atairudisha akiwa ameivaa. Waende kwenye masanduku ya bibi zao. Na wasisahau kanuni ya kwanza ya kazi: bafta kwanza, hariri baadaye. Nguo hukatwa kwanza kwa bafta nyeupe ya bei rahisi, ivaliwe, irekebishwe, na makosa yote yaishie hapo.

Bibi Hosiyat siku hizo alikuwa Urgut kwa dada yake. Mirshod akapiga simu. Simu ya Urgut ilikwaruza, na wale dada wawili walikuwa na desturi ya kuongea ndani yake kwa pamoja, mmoja kila upande. Hata hivyo aliuliza vizuri, na alijibiwa vizuri. Je, anaweza kufungua sanduku na kutafuta kitu cha mtihani?

"Chukua, mtoto wangu, chukua utakacho," Bibi alisema. "Vitu vimeumbiwa kutumika. Ila furushi langu la safari usiliguse."

Safari ya Bibi ilijulikana nyumba nzima. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watu wa Umra, na Nusrat alikwisha kumnunulia begi la buluu lenye magurudumu, ambalo lilisimama kando ya sanduku likiwa bado na nailoni yake. Mirshod ni mtoto mtiifu. Alilishika begi lile kwa vidole viwili, akalisogeza pembeni, akaliwekea mto juu ili asije akajisahau. Baada ya hapo akafungua sanduku kwa moyo mweupe. Juu kabisa, ndani ya shali iliyofungwa mafundo manne, akakuta furushi.

Akalifungua.

Ndani mlikuwa na munisak, ileile ya ukutani, ila hii ilikuwa nzito na hai, nyekundu na kijani na njano ya yai. Chini yake bafta nyeupe, dhira nyingi, imekunjwa kwa pembe kali. Kipande cha sabuni ambacho hakijaguswa maji. Sindano na kidonge cha uzi mweupe. Vitambaa vya mkono arobaini vimefungwa utepe. Na pamba, fungu zima la pamba safi. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo kwenye pamba, akajiuliza maswali mawili matatu, akayafunga mafundo yale manne na kuosha mikono.

Mirshod machozi yalimlengalenga. Bibi alikuwa ameyajua yote. Kajua mjukuu wake atahitaji bafta ya kujaribia, akaiweka. Kajua mafundi huchora mistari kwa sabuni kavu iliyochongwa kama ukucha, akaweka sabuni. Hata uzi. Alikaa sakafuni ameliweka furushi magotini, akawaza kwamba katika dunia hii kuna mtu mmoja anayemwelewa.

Akafanya kazi wiki mbili kama mtu aliyebarikiwa. Alichonga sabuni, akachora, akaikata bafta, akamvika Gulbahor, msichana wa uigizaji aliyepewa nafasi ya bibi harusi. Gulbahor alikuwa mwembamba kama ufito, kwa hiyo pamba ilipata kazi: nusu ilimjaza kifua na nusu ikaenda mabegani. Vile vitambaa arobaini akawagawia wasindikizaji wa bibi harusi wavipunge. Bafta ilipokubali mwili, ikapelekwa kwenye sanamu la kushonea pale darasani, ikasimama hapo na alama zake za sabuni, na Mirshod akaigeukia munisak yenyewe.

Ilikuwa ndefu mno. Gulbahor alijikwaa nayo mara tatu akitoka mlangoni hadi dirishani, na mikono yake ilimmeza hadi asionekane vidole. Kwa hiyo Mirshod alikata. Alikata shibiri moja na nusu kutoka chini, akakata na mikono, akakunja upindo, akashona. Muazzam Salimovna alipita nyuma yake akauliza kama mwenye nguo amekubali. Alijibu kwamba mwenye nguo amesema vitu vimeumbiwa kutumika. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema huyo ni bibi mwenye akili. Hiyo ikawa sifa ya pili ya mwaka.

Siku ya mtihani Bibi Hosiyat alishuka kutoka Urgut asubuhi, akabadilisha ushungi, na kabla hajalitazama hata hilo sanduku akaja moja kwa moja chuoni. Upande mmoja alishikwa na Nusrat, aliyevaa suti yake ya harusi za watu. Upande wa pili alishikwa na jirani yao, Mukarram-apa, yaani dada Mukarram, ambaye kwa miaka thelathini ndiye aliyewaosha maiti wanawake wa mtaa wao: mwanamke mwenye mikono safi kuliko daktari, na mcheshi kuliko wengi walio hai. Wakakaa safu ya pili.

Mirshod alisimama nyuma ya pazia. Hakutazama jukwaa, jukwaa alilijua, alitazama nyuso. Ngoma ikalia, wasindikizaji wakaingia wakipunga vitambaa, na katikati yao Gulbahor, nyusi zake mbili zimeunganishwa kuwa moja kwa utomvu wa majani kama walivyofanya wa zamani, kifua mbele, munisak ikiwaka.

Vijana walipiga makofi. Lakini safu za mbele, walikokaa mabibi, makofi hayakusikika. Ukimya ukaanzia hapo ukasambaa nyuma kama maji yaliyomwagika. Kisha bibi mmoja akasimama. Wa pili akasimama. Wakasimama saba, wanane, wengine wakishikilia viti vya mbele yao, mmoja akisaidiwa na mjukuu ambaye hakujua kwa nini anamsaidia.

Wamesimama, Mirshod aliwaza kwa furaha. Mwaka wa kwanza tu, na watu wamesimama.

Halafu wale mabibi wakainua viganja na kuvipitisha usoni, taratibu, kutoka paji la uso hadi kidevuni, kama watu wanavyofanya jeneza linapopita.

Mukarram-apa naye alikuwa amesimama, na mazoea ya kazi yakamtangulia ulimi. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechelewa kupewa habari, nayo ikafika mpaka safu ya mwisho:

"Ni nani huyo aliyetutoka, na mbona sikuitwa?"

Mtu mmoja tu kwenye safu ya pili alikuwa hajasimama. Bibi Hosiyat alikuwa akiitazama munisak ikimjia, ikicheka, ikitingisha mabega yaliyojazwa pamba.

"Ni mimi," akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini katika ukimya ule Mirshod alilisikia neno hilo. Akashika pazia, na pazia likatoka na fimbo yake.

Mchezo uliendelea kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuusimamisha. Bibi harusi aliolewa mbio mbio. Dakika kumi baadaye walikuwa darasani: Bibi kwenye kiti, Nusrat nyuma yake, Mukarram-apa dirishani, mwalimu mlangoni, na Mirshod katikati akiwa ameishika munisak mikononi kama mtoto aliyeokotwa. Gulbahor alikuwa ameivua haraka kuliko moto, akaenda kujiosha mara mbili.

Mirshod alielezwa hapo. Mabibi wa zamani wa Samarkandi munisak yao waliitunza kwa siku ya mwisho: mwanamke akitolewa nyumbani, joho lake hutandikwa juu ya jeneza ili mtaa ujue anayepita ni mama wa watu, na baadaye hupewa yule aliyemwosha. Siku hizi mtaa una mahameli yake ya kijani yenye maandishi ya dhahabu, anatandikiwa kila mtu, ndiyo maana mvulana wa miaka kumi na minane alibeba majeneza matatu na hakuwahi kuliona joho hata moja. Bibi Hosiyat alikuwa amekataa mahameli hiyo muda mrefu. Alisema hatalala chini ya kitambaa kilichomfunika kila aliyemsengenya. Alikuwa ameandaa vyake mwenyewe, akavifunga kwa shali mafundo manne, na kwa vile mdomo wa mtu mzima hauiti kifo kwa jina lake, akaliita furushi la safari.

Mirshod alifungua mdomo kusema kwamba alidhani ni begi. Neno "begi" lilitoka peke yake, likakosa wenzake.

Bibi akauliza bafta iko wapi.

Macho ya mwalimu yaliteleza kuelekea kwenye sanamu la kushonea, na macho ya wengine yakafuata. Sanda ya Bibi Hosiyat ilikuwa imesimama pembeni ya kabati, ina mikono, ina kiuno, imechomwa pini, na kwapani imeandikwa kwa mwandiko wa Mirshod: "hapa panabana".

Nusrat alitamka jina la Mwenyezi Mungu na kukaa juu ya meza.

Bibi akauliza sabuni. Mirshod akaitoa mfukoni. Ilikuwa imebaki kipande chembamba kama jani la mti. Akauliza vitambaa vya watu wa msibani. Kupitia dirishani, uani, wasichana walikuwa bado wanavipunga wakipigana picha. Pamba, akasema Bibi, na safari hii Mirshod hakuweza hata kuonyesha kwa kidole; alitazama tu mlango aliotokea Gulbahor, na Mukarram-apa, ambaye alikuwa amejizuia kwa heshima mpaka hapo, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mirshod hakucheka. Ilikuwa imemwingia sasa, yote kwa mkupuo: wiki mbili nzima alikuwa anamzika bibi yake. Alimpima, akamkata, akamtia pini. Alimvika msichana kifo cha mtu aliyelala siku tatu bila chai kwa ajili yake, akakisindikiza kwa ngoma, akasimama nyuma ya pazia akisubiri makofi.

Mwalimu alijaribu. Alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida, kwamba vitabu havidanganyi, munisak ilikuwa vazi la bibi harusi, picha zipo, tarehe zipo. Mukarram-apa akamjibu kwamba yeye hajui picha. Yeye amepokea munisak kumi na moja katika maisha yake, na hakuna hata moja aliyopewa harusini. Wakavutana hapo kidogo, la ndoa, la jeneza, la ndoa, kila mmoja na ushahidi wake, mpaka Bibi akawakata kauli bila kuinua macho. Wote wako sawa, alisema. Mama yake aliolewa nayo na akatandikiwa hiyohiyo, na watoto wakaikomboa kwa mwoshaji kwa kondoo jike mwenye mimba. Yeye alikuwa na miaka tisa, ndiye aliyemshika yule kondoo kamba.

"Basi mimi ndiye niliyeibiwa," alisema Mukarram-apa. "Shibiri moja na nusu, na mikono juu yake. Hosiyat-apa, mimi nilikuwa nakungoja kwa subira."

"Utaningoja tena," Bibi akasema.

Lakini mzaha haukumfikia Nusrat. Alikuwa ameshuka mezani, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kola ya suti. Alisema alikubali mengi. Alikubali sindano mkononi mwa mtoto wa kiume, alikubali kudanganya wateja. Lakini sharti lilikuwa aibu, na kama hii siyo aibu, basi wamwambie aibu inafananaje, maana mtaa mzima umesimama kumwombea mama yake akiwa hai kwenye kiti. Mwanafunzi wa kwanza katika historia ya chuo, alisema, aliyefeli mtihani kwa kumzika mtazamaji. Jumatatu anavaa ovaroli. Kule akikata kitu kwa makosa, angalau ni mpira.

Mwalimu alimtazama Mirshod, kisha daftari la alama lililokuwa mkononi mwake, akalifunga.

Mirshod alipiga magoti mbele ya kiti, akamwekea Bibi munisak mapajani, na juu yake akaweka kile kipande cha shibiri moja na nusu, ambacho alikuwa amekitunza kimekunjwa, kwa sababu alifundishwa fundi hatupi kitambaa kilichobaki. Akasema ataishona. Ataishona, na bafta atanunua, kila kitu, na gereji atakwenda.

Bibi Hosiyat alikigeuza kile kipande, akakinusa, kisha akaushika upindo mpya wa joho na kuuvuta karibu na macho. Aliufuata mshono kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kuzunguka nguo yote. Ilichukua muda mrefu. Nje wasichana walikuwa wamemaliza kupiga picha.

"Mshono huu umelewa," akasema hatimaye. "Umetoka nyumbani vizuri, umepotelea hapa, ukarudi na rafiki zake."

Mirshod akaitikia kwamba ni kweli.

"Mkono wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto."

Hilo nalo kweli.

Bibi akamgeukia mwalimu. Akamwita binti yangu, ingawa mwalimu alikuwa na wajukuu wawili, akamuuliza kwa upole kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu: hapa chuoni, kutia mikono ipasavyo na bitana, kitambaa cha ndani, isiyovuta, watoto wanafundishwa lini?

Muazzam Salimovna alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Mikono ni mwaka wa tatu, mama," alisema. "Bitana ya hariri, wa nne."

Nusrat akasema mama asijisumbue na maswali hayo. Habari ya mikono na bitana imekwisha. Jumatatu alfajiri kijana yuko gereji, na wala hakuna chai itakayombadilisha mtu mawazo safari hii.

Bibi Hosiyat alikunja joho mara mbili, akalitandaza mapajani, akaweka viganja juu yake, ndipo akamtazama mwanawe.

"Nusrat, kunikata amejua, kunishona bado. Sasa ukimtoa shule leo, mimi nikifa utanifunika na nini, na turubai la gereji yako?"